Ukiwa na homa ya ini B, omba pia kipimo cha D
Kirusi cha homa ya ini D, kilichogunduliwa mwaka 1977 na daktari Mario Rizzetto huko Turin, Italia, hakijitoshelezi: huazima ganda la kirusi B, lenye protini ileile inayotafutwa kwenye damu unapopimwa B, na bila ganda hilo hakiwezi kuingia kwenye seli mpya za ini. Hivyo aliyechanjwa B akapata kinga amekingwa na D pia. Anayeishi na B tayari chanjo haimsaidii, na akiambukizwa D, ini lake huelekea kwenye makovu na saratani kwa kasi zaidi. Tafadhali mwombe daktari kipimo cha kingamwili za D, hasa vimeng'enya vya ini (protini zinazovuja kwenye damu ini linapoumia) vinapobaki juu ilhali wingi wa kirusi B ni mdogo.