Namna ya kuandika maelezo binafsi ya kuombea chuo Uingereza: kwa vijana wa Unguja na Pemba

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu huanza kuingia. Vijana wana vyeti, Kiingereza wanacho, lakini wanakwama kwenye maelezo binafsi (personal statement), yale unayoandika kujieleza na kueleza kwa nini unaitaka kozi. Si ajabu: ukiomba chuo hapa nchini, kinachotazamwa zaidi ni alama zako. Njia ninayotumia na wanafunzi wangu ni hii.

Hatua ya 1: Jua unaulizwa nini

Maombi ya shahada ya kwanza Uingereza hupitia UCAS, taasisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, ile insha moja ndefu imeondolewa na kuwekwa maswali matatu: kwa nini unaitaka kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya masomo umefanya nini cha kukuandaa. Majibu yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi zikiwemo, na kila jibu lisipungue 350. Maelezo hayohayo yanakwenda kwa vyuo vyote utakavyochagua, hadi vitano, kwa hiyo usitaje jina la chuo. Udaktari, Oxford na Cambridge mwisho ni 15 Oktoba.

Hatua ya 2: Sema kabla ya kuandika

Jirikodi kwa simu, kwa Kiswahili, kama unamweleza bibi yako unataka kwenda kusomea nini. Kisha andika ulichosema kwenye daftari. Kiingereza kitakuja baadaye. Anayeanza na Kiingereza huishia kuandika sentensi alizozisoma kwa wenzake.

Hatua ya 3: Taja ulichofanya wewe

Hapa ndipo ninapokaa na mtu jioni nzima. Tumelelewa kuwa kujisifu ni aibu. Mtoto mwenye adabu husema "tulijaribu", na sifa huwaachia wengine wamtolee. Ni malezi mazuri, sitaki mtu ayaache. Lakini msomaji wa kule hakujui wewe wala wazee wako, na hana jirani wa kumuuliza. Wengine wakishaambiwa hivyo hurukia upande wa pili: "mimi ni mchapakazi, mbunifu, kiongozi wa kuzaliwa." Hayo nayo hayamwambii kitu. Taja kitendo, sifa iache.

Binti mmoja wa Micheweni alikuwa akiomba baiolojia ya bahari. Alianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa nikiipenda sana bahari, na familia yetu inajishughulisha na kilimo cha mwani." Nikamuuliza, bamvua likija wewe mwenyewe unafanya nini? Nafunga mbegu kwenye kamba na mama. Kisha? Miezi ya joto kotonii, aina moja ya mwani, ilikuwa ikipauka na kukatika, spinosum, aina nyingine, ya kamba za pembeni ikabaki. Kisha? Basi, nikahamisha kamba mbili upande wa maji mengi, nikawa naandika nyuma ya daftari la hesabu zipi zimepauka. Hilo hakulitaja kabisa, kwa kuwa kwake zilikuwa kazi za nyumbani tu!

Akaandika upya: "Kotonii yetu ilipoanza kupauka wakati wa joto, nilihamisha kamba mbili kwenye maji mengi zaidi na kuandika hali yake kila bamvua. Zilichelewa kupauka, lakini nazo zilipauka. Nataka kujua kwa nini spinosum inavumilia joto linaloiua kotonii." Hamna neno la kujisifu hata moja, na bado unamwona mtu anayefikiri. Angalia pia alivyomalizia: kwa swali ambalo kozi ndiyo itakayomsaidia kulijibu. Kitendo kisichozaa swali hakijamaliza kazi.

Kuna mambo ya kuchunga. Kazi ikiwa ya kikundi, sema kikundi kilifanya nini na mkono wako ulikuwa wapi. Usikuze: kamba zikiwa mbili andika mbili, kwani baadhi ya kozi zina usaili na utaulizwa. Shida za nyumbani zitaje kwa sentensi moja, pale tu zinapoeleza jambo, kama vile kwa nini ulichelewa kufanya mtihani. Kusomesha wadogo chuo cha Kurani jioni nako kunahesabika, hasa kwa anayeomba ualimu, ila usiseme tu "nasomesha madrasa". Eleza ulivyomsaidia yule mtoto aliyekuwa akichanganya herufi, ulibadilisha nini na kikawaje.

Hatua ya 4: Geuza kwa Kiingereza, kata, soma kwa sauti

Andika kwenye Google Docs, umeme ukikatika kazi inabaki. Maneno ya mashujaa uliyoyatoa mtandaoni yaondoe yote. Nafasi hiyo ni yako. Usiiachie akili mnemba ikuandikie, wala usiazime ya kaka yako aliyekubaliwa: UCAS huyalinganisha maelezo na ya waombaji wengine, na vyuo huarifiwa yakifanana.

Hatua ya 5: Mpe mwalimu

Maombi yanahitaji pia barua ya mwalimu anayekujua. Mpe nakala ya maelezo yako mapema, wiki kadhaa kabla, ili aandike yale usiyoweza kuyasema mwenyewe. Hizo sifa ulizoziacha kwenye hatua ya 3, mahali pake ni kwenye barua hiyo.