Namna ya Kutenga Vifuko vya Utando wa Bakteria
Bakteria wengi hutoa vifuko vya nanomita 20 hadi 250, utando wao wa nje unapotuna na kumeguka. Anayevitafuta katika maji ya bahari ya Malindi ayateke mbali na mlango wa Mto Sabaki, hasa wakati wa masika, kwa kuwa tope lake jekundu huziba kichujio upesi. Ayapitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.22 pole pole mno, maana seli zikipasuka vipande vyake hudhaniwa vifuko, kisha ayazungushe katika sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa, ili vifuko vitue chini, na kuvithibitisha kwa hadubini ya elektroni. Vifuko vya bakteria wa homa ya uti wa mgongo vimo katika chanjo ya Bexsero, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2013.