Jinsi ya Kuomba Dhamana ya Amani Dhidi ya Jirani Mgomvi: Uskoti, Mwaka 1600

Mwongozo huu, ulioandikwa kana kwamba tuko mwaka 1600, unamhusu mwenye ardhi wa Uskoti ambaye jirani yake ametishia kumpiga, amewafukuza wapangaji wake shambani au ameingiza mifugo kwa makusudi katika malisho yasiyo yake. Kukusanya ndugu na kwenda kulipiza kisasi kulikuwa jambo la kawaida kwa vizazi vingi, lakini tangu mwaka 1598 mfalme James wa Sita na washauri wake wana sheria mahsusi ya kuzima uhasama wa koo, na anayejichukulia hatua mkononi anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Njia iliyobaki ni dhamana ambayo Waskoti waliiita lawburrows. Kwa dhamana hiyo jirani hulazimishwa kuleta mdhamini atakayelipa kiasi fulani cha fedha endapo wewe, mkeo, watoto wako, wapangaji, watumishi au mali yako mtadhurika kwa njia isiyo ya sheria. Kwa jinsi kesi hizi zinavyosomeka katika madaftari ya Baraza la Siri, yaani baraza la washauri wa mfalme, kuipata amri ni rahisi mno. Kunufaika nayo ndiko kunakomaliza fedha za watu.

Kuanza, basi, hakuhitaji maelezo marefu. Wakili wako Edinburgh anaandika ombi, nawe unaapa kwamba unahofia kudhuriwa na mtu uliyemtaja. Tangu sheria ya mwaka 1429 kiapo cha mwenye hofu kimepewa uzito mkubwa, na mlalamikiwa hasikilizwi kabla ya barua yenye amri kutoka chini ya muhuri wa mfalme. Kuna ada ya karani, ada ya muhuri na ada ya tarishi, kwa kuwa kila mkono unaoigusa karatasi hiyo unadai chake. Miaka mingi baadaye urahisi huu wa kiapo ulikuja kutumiwa na mwombaji ambaye hakuna aliyemtarajia: mwaka 1678 serikali ya Charles wa Pili iliomba dhamana dhidi ya wenye ardhi wa magharibi mwa Uskoti, kana kwamba mfalme anawahofia raia wake, kwa sababu walikataa kutia saini hati ya kuwawajibikia wapangaji wao wasihudhurie mikutano ya ibada iliyopigwa marufuku. Mwaka 1689 Madai ya Haki, tamko la wawakilishi wa Uskoti kuhusu haki za raia, yalitamka wazi kwamba kuwadai raia dhamana hiyo kwa jina la mfalme ni kinyume cha sheria.

Kiasi cha dhamana hukichagui wewe. Sheria ya mwaka 1593 imekipanga kwa hadhi ya mlalamikiwa: pauni 2,000 za Kiskoti kwa lodi wa cheo chochote, pauni 1,000 kwa baroni mkubwa, merki 1,000 kwa mwenye ardhi huru, merki 500 kwa mwenye ardhi ya kodi ya kudumu, merki 200 kwa muungwana asiye na ardhi na merki 100 kwa mkulima wa kawaida. Merki moja ni theluthi mbili za pauni. Usimpandishe jirani cheo kwa hasira, kwa maana atakwenda Edinburgh kuomba amri isimamishwe kwa hoja kwamba kiasi kimezidi hadhi yake, na wakati hoja hiyo inasubiri kusikilizwa wewe huna kinga yoyote.

Andika majina kwa ukamilifu. Maneno ya kawaida ya amri humfunga mlalamikiwa pamoja na wote atakaowatuma, kuwaamuru, kuwachochea au kuwahifadhi, na kwa kuyasoma unaweza kudhani kwamba kijiji chake kizima kimefungwa. Kimefungwa kwenye karatasi tu. Siku ambayo kijana wake wa pili atavunja ukuta wako, itakubidi uthibitishe kwamba baba ndiye aliyemtuma, naye baba atashangaa kuliko mtu yeyote kusikia habari hiyo. Kwa hiyo wataje wana, ndugu na mtumishi mkuu kila mmoja kwa jina lake, hata kama karani atanung'unika kwamba orodha inakuwa ndefu.

Barua inapelekwa na tarishi wa mfalme akiwa na mashahidi. Akimkosa mlalamikiwa, sheria ya mwaka 1540 inamtaka agonge mlango mara sita na kubandika nakala mlangoni. Usidharau hesabu hiyo, kwa maana mawakili wa upande wa pili hawaidharau.

Ikiwa siku zilizotajwa katika barua zitapita bila mdhamini kuonekana, inakuja hatua ambayo wengi wamepotezea kila kitu. Tarishi anakwenda kwenye nguzo ya sokoni katika mji mkuu wa wilaya ya mlalamikiwa, anaita watu kimya, anasoma barua, anapuliza baragumu mara tatu na kumtangaza jirani yako kuwa mwasi wa mfalme. Umati unafurahi, nawe unafurahi zaidi, kisha unakwenda kusherehekea. Usisherehekee. Sheria ya mwaka 1579 inataka tangazo hilo liandikishwe katika daftari la sherifu, hakimu wa mfalme katika wilaya, ndani ya siku 15, la sivyo halina nguvu, na karani wa sherifu ana uwezekano mkubwa wa kuwa binamu ya mtu uliyemtangaza, au mpangaji wake, au mdeni wake. Atakuwa amesafiri, au daftari litakuwa kwa mtu mwingine. Kuanzia mwaka huu wa 1600 lipo pia daftari kuu Edinburgh. Lipa gharama ya safari uandikishe huko.

Usitegemee kwamba uasi wake utakuletea mali. Vitu vyake vinavyohamishika vinakuwa vya mfalme, na akikaa mwaka na siku bila kuondolewa uasi, mapato ya ardhi yake kwa maisha yake yote yanakwenda kwa bwana mkuu wa ardhi hiyo. Mfalme naye ana desturi ya kuzigawa mali za waasi kama zawadi, na si ajabu zawadi ikamwangukia shemeji wa mwasi, ambaye atamwachia mwenyewe aendelee kulala katika kitanda kilekile. Bunge la mwaka 1592 lilitunga sheria dhidi ya zawadi hizo za udanganyifu, jambo linaloonyesha zilivyokuwa zimeenea. Faida halisi kwako ni kwamba mwasi hawezi kushtaki mtu mahakamani, na usumbufu huo ndio unaomfanya hatimaye atafute mdhamini.

Mdhamini akija, mchunguze. Sheria inataka awe na uwezo, lakini karani anaangalia kama jina limeandikwa sawasawa, haangalii kama mwenye jina ana chochote. Wafanyabiashara wa Edinburgh hutumika sana kwa kazi hii kwa sababu wako karibu na daftari. Muulize wakili wako kama mtu huyo ana mali inayokamatika, na upinge siku hiyohiyo ikiwa hana. Mdhamini mwenye busara huwa amejilinda kwa hati ya kufidiwa na anayemdhamini, na hilo ni jema kwako, kwani sasa jirani yako anabanwa na mtu wa pili asiyetaka kupoteza fedha zake.

Jirani akivunja ahadi, unafungua kesi ya uvunjaji pamoja na wakili wa mfalme, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 1581 nusu ya adhabu ni ya mfalme na nusu ni yako. Gharama za mashahidi, kwa bahati mbaya, hazigawanywi hivyo. Matusi matupu hayatoshi. Lazima pawepo vurugu au madhara halisi. Tena, kwa sababu hii ni kesi ya adhabu, mahakama hupokea udhuru wowote wenye mantiki, na udhuru unaopendwa kuliko yote ni kwamba mlalamikiwa aliamini kwa dhati kwamba kipande hicho cha ardhi ni chake. Ikiwa ugomvi wenu kwa kweli ni wa mpaka au wa nani achimbe udongo wa mboji unaochomwa kama kuni katika bonde, anza na kesi ya kusumbuliwa katika ardhi mbele ya sherifu, ambako baraza la wenye ardhi wa parokia hiyo litapima mipaka. Ni kazi ya polepole na ya kuchosha, lakini bila uamuzi huo dhamana yako itagonga ukuta wa udhuru kila mara.

Jambo la kufanya kabla ya yote haya ni kupata mdhamini wako mwenyewe. Kiapo kilichokutosha wewe kinamtosha pia jirani, naye akishapokea barua yako anaweza kuapa kwamba anakuhofia, na tarishi akagonga mlango wako mara sita kabla ya wiki kwisha. Madaftari yamejaa dhamana za pande mbili za namna hiyo. Zungumza mapema na mtu wa Edinburgh, mwandikie hati ya kufidiwa, na umwachie wakili wako idhini ya kuiandikisha dhamana hiyo mara tu itakapodaiwa.