Kuiandaa lugha ya Kisorbia kwa kompyuta, hatua kwa hatua

Kisorbia cha Juu ni lugha ya Kislavi inayozungumzwa mashariki mwa Ujerumani, pande za Bautzen, mji ambao Wasorbia wenyewe huuita Budyšin. Kisorbia cha Chini, cha pande za Cottbus, ni lugha nyingine.

1. Tenganisha lugha. Ya Juu ina msimbo hsb, ya Chini dsb. Uandike kwenye kila faili tangu mwanzo.

2. Sawazisha herufi. Herufi č huweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama c ikifuatwa na kialama chake. Kwa macho huoni tofauti, ila kompyuta inaona vitu viwili, na anayetafuta neno halipati. Geuza matini yote kuwa NFC, yaani mtindo wa kuhifadhi herufi na kialama chake kama herufi moja, kabla ya kazi nyingine yoyote. Akitokea wa kukushauri ufute vialama ili kurahisisha mambo, kataa kabisa. Wasorbia wana haki ya kuandika lugha yao ikiwa kamili.

3. Shughulikia idadi. Hapa ndipo programu nyingi hukwama. Sisi husema siku 1, siku 2, siku 5, neno likabaki lilivyo. Wao husema 1 dźeń, 2 dnjej, 3 dny, 5 dnjow. Programu yenye nafasi mbili tu, ya umoja na ya wingi, lazima itakosea. Kanuni zote nne zimo tayari katika CLDR, hifadhidata ya kanuni za lugha ambayo programu huitumia, kwa hiyo wabane watengenezaji wazitumie. Jaribu kwa 1, 2, 3 na 5, kisha 101 na 102, maana hapo hesabu huanza upya.

4. Kusanya sentensi sambamba, yaani sentensi pamoja na tafsiri yake, za kuifundisha mashine kutafsiri. Mashindano ya tafsiri ya mashine ya WMT ya 2020 yalitumia jozi zipatazo 60,000 za Kijerumani na Kisorbia cha Juu, zilizotolewa na kituo cha lugha cha Witaj. Lugha kubwa zina mamilioni. Basi kila jozi ina thamani: futa zilizojirudia, pitia nyingine pamoja na mzungumzaji, na ruhusa ya wenye matini uipate kwa maandishi. Matini ya Kicheki, lugha ya jirani na jamaa, husaidia kuifundisha mashine.

5. Rekodi sauti kupitia Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za watu, za wazee na vijana.

6. Fuata istilahi zilizopo. Kivinjari cha Firefox kinapatikana kwa Kisorbia zote mbili. Kifungue, pitia menyu zake, na maneno ambayo watumiaji wamekwisha kuyazoea yatumie hayo hayo.