Jinsi ya kuomba Chancenkarte, kibali cha kwenda Ujerumani kutafuta kazi

Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani inatoa kibali kiitwacho Chancenkarte, yaani kadi ya fursa. Mwenye ujuzi anaingia nchini humo bila mkataba wa ajira na kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi. Kosa linalowagharimu waombaji kuliko yote ni kuanzia mwisho: mtu anafungua akaunti ya amana, anajaza mamilioni, analipia bima, halafu ndipo anagundua kwamba cheti chake hakitambuliki. Mpangilio wa hatua hapa una maana yake. Cheti kwanza, alama pili, lugha tatu, na pesa zije mwisho.

Je, hii ndiyo njia yako?

Kama tayari una mkataba wa kazi inayolingana na elimu yako, usiombe Chancenkarte. Omba viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, au Blue Card ikiwa una shahada na mshahara unafikia kima kilichowekwa. Ni njia imara zaidi, na inafungua mlango wa kuleta mke, mume na watoto. Mwenye Chancenkarte kwa kawaida huenda peke yake, na mwenzi wake akitaka kufuatana naye itabidi atimize masharti kwa jina lake mwenyewe.

Kijana ambaye hajasomea fani yoyote aangalie Ausbildung, mafunzo ya kazi yenye posho, ambako Kijerumani cha kiwango cha B1 (ngazi za lugha hupanda kutoka A1, A2, B1, B2, C1 hadi C2) ndicho kinachohitajika kwa kawaida. Wauguzi nao wafikiri mara mbili. Uuguzi ni taaluma inayodhibitiwa kisheria na huruhusiwi kuifanya kama muuguzi kamili kabla cheti chako hakijatambuliwa rasmi, kwa hiyo viza ya kwenda kukamilisha utambuzi huo mara nyingi huwafaa zaidi.

Neno moja kwa Wakenya. Makubaliano ya uhamaji kati ya Kenya na Ujerumani yaliyotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024 hayakuondoa sharti hata moja kati ya haya, wala hayakutenga idadi ya nafasi za kazi. Habari za nafasi 250,000 zilikanushwa na serikali ya Ujerumani yenyewe. Wakala anayekudai pesa ili "akuingize kwenye orodha" anakuibia.

Hatua ya 1: cheti chako

Unahitaji shahada ya chuo kikuu, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2, na vyote lazima viwe vinatambuliwa na serikali ya nchi uliyosomea. Kozi ya miezi 6 ya umeme, hata ukiwa fundi hodari wa miaka 15, haitoshi.

Mwenye shahada aanze na anabin, hazina ya data ya vyuo na shahada za dunia nzima. Haitozi chochote, ila iko kwa Kijerumani. Tafuta nchi, kisha chuo. Pembeni ya jina la chuo utaona alama: H+ maana yake chuo kinatambuliwa, H− hakitambuliki, na H+/− ni kwamba inategemea, kwa hiyo kila cheti kinapimwa peke yake. Usiishie hapo. Rudi utafute shahada yenyewe, kwa jina lile lile lililoandikwa kwenye cheti, na uone kama imewekewa neno "entspricht" (inalingana) au "gleichwertig" (ina hadhi sawa), yaani na shahada ya Ujerumani. Chapisha kurasa zote mbili, ya chuo na ya shahada. Waombaji wengi hupeleka ukurasa wa chuo tu, na huo peke yake hausemi lolote kuhusu shahada yako.

Chuo au shahada isipoonekana, si kwamba umekataliwa. Unaomba tathmini ya cheti kutoka ofisi ya Ujerumani iitwayo ZAB, kwa ada ya euro 208. Mwenye ufundi au diploma anakwenda ZAB hiyo hiyo, ila anaomba hati nyingine, Digitale Auskunft zur Berufsqualifikation, inayothibitisha kuwa mafunzo yake ni ya miaka 2 au zaidi na yanatambuliwa kwao. Kuchagua ombi lisilo lako kunakula wiki kadhaa bure, basi soma jina la hati herufi kwa herufi kabla ya kulipa.

Hapa pia ndipo pa kusafisha majina. Cheti kinasema Juma A. Hassan, pasipoti inasema Juma Ally Hassani, transkripti inasema Hassan Juma. Kwetu kila mtu anajua ni mtu mmoja. Afisa anayesoma faili hajui. Rekebisha kabisa, au andaa kiapo cha majina kwa wakili, kabla hujatuma chochote.

Hatua ya 2: hesabu alama

Ikiwa cheti chako kimetambuliwa Ujerumani kikamilifu, huhitaji alama. Wengine wote wanahitaji alama 6, na zinapatikana hivi:

- Utambuzi wa sehemu wa cheti, au barua inayosema ufanye mafunzo ya nyongeza ili utambuliwe: 4
- Uzoefu wa kazi wa miaka 5 ndani ya miaka 7 iliyopita: 3, wa miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita: 2
- Kijerumani B2 au zaidi: 3, B1: 2, A2: 1
- Kiingereza C1 au zaidi: 1, juu ya alama za Kijerumani
- Umri usiozidi miaka 35: 2, uliopita 35 lakini hauzidi 40: 1
- Fani yenye uhaba wa watu, kama uhandisi, kompyuta au ualimu: 1
- Kuishi Ujerumani kihalali miezi 6 mfululizo ndani ya miaka 5 iliyopita, utalii hauhesabiwi: 1
- Mwenzi wako anayetimiza masharti na kuomba pamoja nawe: 1

Chukua fundi umeme mwenye diploma ya miaka 3, umri miaka 33, amefanya kazi miaka 6 tangu amalize chuo, ana Kijerumani A2. Uzoefu 3, umri 2, lugha 1. Amefika 6 kamili. Mhasibu wa miaka 41 mwenye uzoefu huo huo na Kiingereza C1, bila Kijerumani, ana 4 tu. Akitaka kufika anahitaji B1, na hakuna barua ya maombi itakayoziba pengo hilo.

Uzoefu ndio unaopotea hovyo. Unahesabiwa uliopatikana baada ya kumaliza mafunzo, na katika fani ile ile ya cheti. Barua ya mwajiri isemayo "alikuwa nasi na alikuwa mwaminifu" haina thamani. Inatakiwa ionyeshe cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na majukumu yenyewe, juu ya karatasi yenye nembo, muhuri na mawasiliano ya mtu anayeweza kuulizwa. Aliyejiajiri aambatishe leseni ya biashara, marejesho ya kodi na mikataba na wateja.

Hatua ya 3: lugha

Sharti la chini ni Kijerumani A1 au Kiingereza B2. Moja wapo tu inatosha, na alama za lugha za Hatua ya 2 zinahesabiwa kivyake. Cheti kiwe cha mtihani unaotambulika: Goethe, telc au ÖSD kwa Kijerumani, IELTS, TOEFL au Cambridge kwa Kiingereza. Cheti cha kuhudhuria darasa si cheti cha mtihani. Mitihani ya Goethe inafanyika Nairobi na Dar es Salaam, na nafasi hujaa, kwa hiyo jisajili mapema.

Sheria inakuruhusu kwenda na Kiingereza peke yake. Ushauri wetu ni usifanye hivyo kama si mtu wa kompyuta. Mwaka mmoja ni mfupi, na mwajiri wa karakana, hoteli au ofisi ya hesabu atakuhoji kwa Kijerumani. Afadhali uchelewe miezi 8 nyumbani ukafika na B1 kuliko kufika leo ukaanza alfabeti huku akiba ikiyeyuka.

Hatua ya 4: pesa na bima

Lazima uonyeshe utajikimu mwaka mzima. Kima cha mwaka 2025 ni euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa miezi 12. Angalia kima cha mwaka unaoomba, kwa kuwa hubadilishwa. Njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti iliyofungwa: unaweka zote kwa mpigo, ukifika unatolewa fungu moja kila mwezi. Njia nyingine ni mtu anayeishi Ujerumani kukudhamini rasmi kwa hati iitwayo Verpflichtungserklärung, au mkataba wa kazi ya muda usiozidi saa 20 kwa wiki.

Tahadhari ya Sperrkonto ni ndogo lakini inauma. Ukituma euro 13,092 kamili, benki za katikati zinakata ada zao njiani, kinafika 13,061, na hati ya uthibitisho haitolewi. Mwambie karani wa benki kwamba gharama zote ziwe juu ya mtumaji, na uongeze kiasi juu kufidia makato pamoja na ada za akaunti yenyewe.

Bima ya afya iwe ya kuanzia siku ya kuingia na ikufae kwa kipindi chote utakachokuwa bila kazi. Bima ya mtalii ya siku 90 ni sababu ya kawaida ya faili kurudishwa.

Hatua ya 5: kutuma maombi

Maombi yanaanzia kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Fungua akaunti, jibu maswali, pandisha nyaraka: pasipoti, vyeti na transkripti, uthibitisho wa anabin au ZAB, cheti cha lugha, barua za uzoefu, wasifu wa kazi usio na miaka iliyorukwa, barua ya nia, uthibitisho wa pesa, bima, na mahali utakapofikia. Zilizoandikwa kwa Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Fuata orodha ya ubalozi utakaokwenda, maana kila ubalozi una vipengele vyake.

Barua ya nia isizidi kurasa 2. Taja fani, mji au mkoa, aina ya waajiri uliowatafuta, na utafanya nini usipopata kazi. Sentensi kama "Ujerumani ni nchi nzuri yenye maendeleo" haimsaidii afisa kuamua.

Faili likikamilika unapewa miadi. Nenda na nyaraka halisi, alama za vidole zinachukuliwa, ada ni euro 75 na hairudishwi.

Ukikataliwa, fahamu kwamba tangu tarehe 1 Julai 2025 balozi za Ujerumani hazipokei tena barua za kupinga uamuzi. Zimebaki njia mbili: kufungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, au kuomba upya. Kama kilichokosekana ni karatasi, kuomba upya ni nafuu zaidi.

Ukishafika

Ndani ya wiki 2 tangu uhamie kwenye nyumba, jiandikishe ofisi ya manispaa, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo: namba ya mlipakodi hutumwa kwa posta, na barua isiyoona jina inarudi ilikotoka.

Unaruhusiwa kufanya kazi ya kujikimu hadi wastani wa saa 20 kwa wiki, pamoja na kazi za majaribio za wiki 2 katika fani yako kwa kila mwajiri. Ukipata kazi ya kudumu inayolingana na cheti chako, unabadilisha kibali hapo hapo katika ofisi ya wageni, huna haja ya kurudi nyumbani. Mkataba wa kufungasha mizigo ghalani hautakubaliwa kwa mabadiliko hayo, hata ukiwa wa kudumu. Na peleka ombi kabla kadi haijaisha muda, hata kama miadi yenyewe ni ya mbele: ombi lililowahi linakuweka kihalali mpaka uamuzi utoke, ila lililochelewa hata siku moja linapoteza kinga hiyo.