Kusomeana insha: ninavyowapanga wanafunzi wangu Wete

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Wete, Pemba, na insha za wanafunzi wangu husomwa na wenzao kabla hazijanifikia. Mtoto akijua kuwa jirani yake wa dawati ndiye atakayemsoma, haandiki tena kwa ajili ya alama tu.

Kalamu nyekundu ikae mbali. Mpe msomaji penseli. Akishika nyekundu ataanza kuzungushia herufi, na habari yenyewe itampita. Tahajia tunaishughulikia mwisho.

Wapange wawili wawili, wasiwe chanda na pete. Hao watasifiana tu. Mwandishi aisome insha yake kwa sauti, kisha mwenzake aisome kimya na kupigia mstari pale alipopotea au alipotaka kujua zaidi. "Nzuri sana, hongera" siikubali. Kama ni nzuri, aoneshe sentensi ipi iliyomgusa na kwa nini.

Msimu wa karafuu, mwanafunzi mmoja aliandika: "Karafuu zilianikwa hadi zikakauka." Mwenzake akaandika pembeni: "Nani alianika? Wewe ulikuwa wapi?" Basi. Hakumtungia sentensi nyingine, na hilo nalisisitiza sana: msomaji aulize, asimwandikie mwenzake. Insha ikarudi hivi: "Usiku tulichambua makonyo mpaka vidole vikanuka karafuu. Asubuhi bibi akatandaza majamvi uani, na kila wingu likijikusanya tunakimbilia kuzizoa kabla hazijarowa." Mimi nisingeweza kumpa sentensi hizo, sikuwapo uani kwao.

Anayepokea maoni ndiye mwenye kazi nzito. Anyamaze, aandike anayoambiwa, asijitetee. Akianza kueleza "nilimaanisha hivi", namwambia maelezo hayo ayatie ndani ya insha, maana hatakwenda nyumbani kwa kila msomaji kumfafanulia. Watoto wetu wana haya, na wapo ambao wakikosolewa mbele za watu hawataki tena kushika kalamu. Kwa hiyo maoni yabaki baina ya wawili hao, yasisomwe mbele ya darasa kamwe. Si lazima ayakubali yote, insha ni yake. Ila akikataa jambo, aniandikie sababu.

Aiandike upya siku hiyohiyo, mambo yakiwa bado kichwani. Nakusanya nakala zote mbili zimebanwa pamoja, na msomaji naye nampa alama kwa maswali aliyouliza.