Idi ndani ya matatu iliyostaafu

Gari letu lilibeba abiria 14 kwa mpigo, ruti ya Bamburi na Feri, miaka tisa mfululizo, mimi nikiwa kwenye usukani. Siku hizi linabeba watu saba, mchele na mbuzi ya nazi. Viti vya nyuma nimeving'oa, nikaacha safu moja yenye mikanda. Nyuma kuna kitanda cha mbao na godoro la inchi nne, na chini yake masanduku. Watalii wenye magari-nyumba yao, yenye choo na friji humo humo, hutupita njia ya Kwale wakitushangaa, nasi huwapungia mkono. Hii ni Idi ya nne tunailia Tiwi, ufukweni kusini mwa Mombasa, na haipiti wiki mtaani kwetu Kisauni bila mtu kuniuliza tunafanyaje. Basi nieleze mara moja.

Anza na mwezi. Krismasi unaijua tarehe yake tangu Januari, lakini Idi haina ahadi. Ramadhani ni siku 29 au 30, na mpaka Kadhi Mkuu atangaze usiku, hujui kesho unakula au unafunga. Sisi hutoka Mombasa mchana wa siku ya 29, na tunabeba vya pande zote mbili: vya Idi, na vya daku na futari ya siku ya 30. Mwaka wa kwanza sikubeba vya daku. Mwezi haukuonekana, tukala daku ya ndizi mbivu na maji, na mama watoto hakunisemesha mpaka adhuhuri. Mpwa wangu alitaka kula mchana akidai yeye ni msafiri. Mamangu akamwangalia. "Kisauni mpaka Tiwi ndiyo safari, babu wee? Hata nusu ya marhala mbili, mwendo wa msafiri kuruhusiwa kula, hujafika." Akafunga.

Feri ya Likoni siku hizo huwa imejaa mpaka barabarani, kwa hiyo toka mapema au kubali kufuturu kwenye foleni. Mimi nina tende na chupa ya maji hapo karibu na gia, siku zote. Funga mtungi wa gesi kabisa kabla ya kupanda, na usiondoe breki ya mkono mpaka uambiwe. Gari likiingia feri, nawashusha wote wavuke kwa miguu, hata mamangu na magoti yake. Tangu ule mkasa wa Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likatumbukia baharini na mama na mwanawe ndani, simvushi mtu amekaa kitini. Wanalalamika, lakini wanashuka.

Sasa sikiza hili vizuri maana ndilo lililonifanya niandike. Idi ya mfungo mosi, ile ya baada ya Ramadhani, siku zote iko mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua. Maana yake maji ya pwani yetu yanajaa kupita kiasi, tofauti ya kujaa na kupwa ikipita mita tatu, na yanajaa karibu saa kumi: saa kumi ya jioni, na saa kumi ya alfajiri. Mimi nimezaliwa pwani na nilijua yote haya. Lakini mwaka mmoja tulifika usiku, maji yamekupwa, mchanga mgumu kama lami, na kulikuwa na nafasi nzuri chini ya ukingo. Nikaegesha pale. Karibu na alfajiri mamangu akanigonga bega. "Kuna mtu anaosha gari." Nikasikiza. Kweli, chwaa, chwaa, ubavuni. Nikafungua mlango, mguu ukaingia majini mpaka kwenye kifundo. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeshazama nusu. Wavuvi waliokuja kuangalia ngalawa zao ndio waliotusukuma, wanaume sita na mama watoto, huku mmoja wao akinong'ona takbira na mwingine akicheka. Niliiosha chumvi ile kwa maji matamu siku mbili, na bado sakafu ilishika kutu.

Kwa hiyo: egesha juu, kwenye shamba lenye mwenyewe, kwa ruhusa yake na kwa malipo mliyopatana kabla hujazima injini. Uliza choo kiko wapi na maji ya kisima ni ya kunywa au ya kuoga tu. Usiegeshe chini ya mnazi hata kivuli kikupendeze vipi, maana nazi haiulizi bei ya kioo. Mvinje ni mzuri. Funga turubai kutoka kwenye keria ya gari, na upande wa upepo uushushe mpaka chini. Kwa kuwa Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, usiniulize upepo ni upi. Ikiwa masika mwaka mmoja, miaka ya baadaye itakuwa kaskazi.

Faida ya bamvua nayo ni hii: maji yanayojaa saa kumi, yatakuwa yamekupwa saa nne asubuhi. Mmetoka kuswali, mmekula, watoto wamevaa viatu vya plastiki, na mwamba wote uko nje. Vidimbwi vina samaki wadogo na majongoo ya bahari. Waambie wasikanyage wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Wengine huvuka mdomo wa mto Mwachema kwa miguu mpaka upande wa Diani, penye Msikiti wa Kongo na mibuyu yake, msikiti wa mawe wa karne na karne ambao bado unaswaliwa. Ukivuka, angalia saa. Ikifika saa sita geuza, maji hayakungoji. Idi ya kuchinja ni mambo mengine. Ile ni siku ya kumi ya mwezi wa Mfungo Tatu, maji ni mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, na watoto wataona mwamba kidogo tu.

Chakula. Usijaribu kupika biriani nzima ufukweni. Masala ya biriani hupikwa nyumbani siku moja kabla, yakapoa, yakatiwa kwenye mkebe wa bati na kuingizwa kwenye sanduku la barafu. Barafu nanunua kwa wauza samaki, ile ya bonge, inakaa kuliko ya vipande. Kule unapasha masala taratibu na kupika wali peke yake. Gesi ya mtungi wa kilo 6 inatosha siku tatu kama hupiki maharagwe. Pika nje ya gari, na mtungi uusimamishe na kuufunga kamba njiani. Jiko la makaa halilali ndani, hata limebaki na majivu, hata mvua inyeshe. Hewa yake haina harufu na inaua watu waliolala.

Mahamri ndiyo fahari yetu. Kwenye gari la aina hii injini iko chini ya kiti cha dereva, na abiria wangu wa mbele walikuwa wakilalamika wanachomwa makalio. Mama watoto aligundua matumizi yake. Anakanda unga usiku baada ya mwezi kutangazwa, kwa tui zito, iliki na hamira, anaufunika kwa leso yenye unyevu, kisha ananiamuru niwashe injini dakika kumi na kuizima. Sufuria inawekwa pale juu, penye joto la mtoto mchanga. Alfajiri ukifunua, unga umepanda mpaka umeisukuma leso, na gari zima linanukia iliki. Anasukuma juu ya sanduku, anakata pembe nne, na mimi nasimamia karai nje. Hamri likigeuka lenyewe na kufura, najua leo ni Idi hata kama sijasikia redio. Mbaazi za nazi zimechemshwa nyumbani. Nazi ya tui inakunwa pale pale, mpwa wangu amekalia mbuzi mlangoni kama makanga wa matatu.

Nguo huning'inizwa usiku ule kwenye chuma nilichowafungia abiria cha kushikia: kanzu zilizopigwa pasi nyumbani, na magauni ya wasichana ndani ya mfuko. Ile spika iliyonipa ugomvi na askari wa barabarani sasa inatoa takbira, sauti ya chini, kwa sababu majirani wa shamba si wote Waislamu. Wanawake na mamangu hulala ndani ya gari, sisi wanaume tunalala kwenye jamvi chini ya turubai na chandarua.

Zaka ya fitri usiiache kwa sababu uko safarini. Ni pishi kwa kila kichwa, vibaba vinne, na mama watoto hupima kilo tatu za mchele ili asibaki na shaka. Watu saba, kilo 21. Gunia hukaa chini ya kitanda. Tunawapa watu wa pale jua lilipotuchwea, wala hatungoji kurudi Kisauni. Mlinzi wa shamba hutuonyesha nyumba. Ipelekwe kabla ya swala, kwani ikipelekwa baadaye haihesabiki zaka ya fitri tena. Kisha kula tende, kwa witiri, moja au tatu, ndipo uende kuswali.

Wageni wape saa. Shemeji zangu wa Ukunda huja saa saba na watoto tisa, na makanga wangu wa zamani hutoka Rabai na madafu na mkewe. Yeye ni Mkristo. Krismasi gari hili hili huegeshwa kwake. Kila mwaka anafungua mlango wa kuteleza, anapiga bati mara mbili kama zamani na kuita "Feri, Feri, wawili!" na watoto wanagombania kupanda. Mkono wa Idi uubadilishe mapema mjini, noti za hamsini na mia, maana ukiwa na ya elfu moja tu mbele ya watoto tisa utaona haya. Sahani nyingi ni mzigo: sinia mbili kubwa, watu wanakula kwa mduara, na maji ya kunawa yanatoka kwenye dumu lenye koki. Dumu tatu za lita 20 kwa siku, wageni wakiwepo.

Kurudi tunapita barabara ya Dongo Kundu mpaka Miritini, hatugusi feri. Ni mzunguko, na mafuta yanaliwa, lakini Mtume alikuwa akienda swala ya Idi kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Mama watoto ananikumbusha kwamba hiyo ni njia ya kwenda kuswali tu. Najua. Lakini daraja la Mteza jioni, maji chini yamejaa mikoko na wote nyuma wamelala, nalipenda.

Nyumbani toa godoro ulianike siku hiyo hiyo, osha chini ya gari kwa maji matamu, na ufagie kwa fagio la chelewa. Mchanga utaendelea kutoka kwenye reli za viti mpaka Mfungo Tatu.